Kura ya Mtowisa Ina Uzito Ule Ule

Ndugu msomaji, wewe uishiye mjini, huenda ukadhani kwamba Rais wa nchi huchaguliwa Dar es Salaam, penye watu wengi na kelele nyingi za kampeni. Hebu fikiria Mtowisa. Ukitoka Sumbawanga mjini, juu ya uwanda wa Ufipa, huna budi kuuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hata uingie Bonde la Ziwa Rukwa. Huko wako wakulima, wafugaji na wavuvi. Siku ya uchaguzi wa Rais, kila mpiga kura wa huko ana kura moja, nawe unayo moja.

Katika kumchagua mbunge, mkazi wa Mtowisa hupiga kura pamoja na wenzake wa Jimbo la Kwela tu. Katika kumchagua Rais, Jamhuri yote ya Muungano ni jimbo moja. Tangu Katiba irekebishwe mwaka 2000, mshindi ni yule aliyepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote, hata zisipofika nusu. Kwa jirani zetu wa Kenya, mshindi wa duru ya kwanza hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zote, na tena angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Kwetu, kura haiulizwi imetoka wapi.

Haki hii haikuwa ya wote tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, enzi za Mwingereza, mpiga kura alitakiwa awe na kisomo, au kipato, au cheo kilichotajwa na sheria. Wakulima wengi wa nchi hii waliachwa nje. Leo, kifungu cha 5 cha Katiba champa haki hiyo kila raia aliyetimiza miaka 18, isipokuwa wachache waliozuiwa kisheria. Hata asiyejua kusoma huitambua picha ya mgombea na alama ya chama, akatia alama ya vema.

Alama hiyo moja huchagua watu wawili: Rais na mgombea mwenza wake, mmoja wa Bara na mwingine wa Zanzibar. Si jambo dogo. Rais John Magufuli alifariki dunia tarehe 17 Machi 2021. Siku mbili baadaye Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kuwa Rais pasipo uchaguzi mwingine.

Kituo kikifungwa, kura huhesabiwa mbele ya mawakala wa vyama, na matokeo huandikwa katika fomu. Hesabu za vituo hujumlishwa jimboni, kisha Tume hujumlisha za nchi nzima. Hapo ndipo uangalifu unapohitajika sana, kwa maana kifungu cha 41(7) cha Katiba chasema kwamba Tume ikishamtangaza Rais, mahakama haina mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Kenya, Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba 2017, na miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni za fomu za matokeo. Kwetu mlango huo umefungwa. Hivyo msimamizi mwaminifu na wakala makini, hata katika kituo kidogo cha bondeni, wamebeba dhamana ya taifa zima.

Basi, ndugu msomaji, usingoje siku ya kura. Hakikisha jina lako limo katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kama umehama kijijini kuja kutafuta kazi mjini, rekebisha taarifa zako mapema wakati wa uboreshaji wa Daftari, kwa sababu jina lako halikufuati lenyewe. Kisha wasikilize wagombea, uwapime kwa akili yako, na siri ya kura yako ubaki nayo mwenyewe.