Paka Mwenye Mavazi Mawili

"Mjomba, paka huyu anatembeaje, na yeye ni picha tu?"

Mpwa wangu wa darasa la tatu ndiye aliyeuliza. Tulikuwa uani, kwenye mkeka, naye ameinamia kompyuta yangu mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Hongera, mpwa wangu! Wengi humwona paka akitembea, wakacheka, wakaenda zao. Wewe umeuliza anatembeaje. Sogeeni na nyinyi wengine, mkeka ni mpana.

Kabla ya kompyuta, nileteeni daftari kuukuu. Kwenye pembe ya ukurasa wa mwisho, chora mpira ulio chini. Ukurasa wa kabla yake, chora mpira uleule, umepanda kidogo tu. Ukurasa mwingine, umepanda tena kidogo. Kurasa kumi zatosha. Sasa zikunje kwa dole gumba, uziachie moja moja, upesi upesi. Frrrr! Mpira umeruka!

"Lakini mjomba, mpira haukuruka. Ni picha nyingi."

Kweli kabisa. Picha hazikuruka. Umewahi kumwona mtu akizungusha kijinga cha moto gizani, jikoni kwa bibi? Unaona duara zima la moto. Je, duara lipo? Halipo. Kijinga ni kimoja, kinapita upesi, na ubongo wako ndio unaounga. Na picha za daftari ni hivyohivyo. Picha zikifuatana upesi, ubongo unaziunga, nawe unaona mwendo. Katika sinema hupita picha 24 kila sekunde. Dakika moja, picha 1,440. Hebu fikiria mkono wa mtu aliyezichora zote kwa penseli!

Sasa tumwulize paka mwenyewe.

"Mimi ni paka wa Scratch," anasema paka. "Rangi yangu ni ya chungwa. Kwetu ni Marekani, kwenye chuo kinachoitwa MIT, na programu ninamoishi, hiyo Scratch, ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2007. Nikuambie siri? Sijui kutembea. Nina mavazi mawili tu. Katika vazi la kwanza miguu yangu imekaa hivi. Katika vazi la pili imekaa vile. Ukinibadilisha hivi, vile, hivi, vile, na kila mara ukinisogeza hatua chache, watoto wanapiga kelele: anatembea!"

"Nani anambadilisha, mjomba?"

Wewe! Pembeni pana vipande vya rangi. Kila kipande ni amri moja. Sogea hatua kumi. Badili vazi. Subiri kidogo. Rudia daima. Unaviburuta, vinashikana kama shanga kwenye uzi, kisha unabofya bendera ya kijani. Umewahi kusonga ugali? Kwanza sufuria, kisha maji, yachemke, ndipo unga. Ukitia unga kwenye sufuria kavu, moto haukuonei huruma. Kompyuta nayo haikuonei huruma. Inafanya ulichosema, kwa mpangilio uliosema. Ukisahau kipande cha kusubiri, miguu ya paka itakwenda mbio kama mabawa ya nzi.

Siku moja niliketi nyuma ya darasa, kompyuta moja, watoto wengi wamebanana kama dagaa kwenye fungu. Paka akaenda, akaenda, akafika ukingoni. Walikuwa wamempa amri ya kurudi akigonga ukingo. Akarudi kweli. Lakini alirudi kichwa chini, miguu juu!

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka. Kisha akafanya jambo ambalo nalipenda hadi leo: hakulirekebisha kosa. Akauliza, "Kwa nini?"

Kimya. Kisha binti mmoja akasimama katikati ya darasa. Akatembea hatua tano, akageuka, akarudi. "Mwalimu, mimi nikirudi njiani nageuka hivi. Paka hakugeuka. Amezungushwa kama gurudumu."

Ndivyo ilivyokuwa! Gurudumu likizunguka nusu, kilichokuwa juu huwa chini. Wakatafuta kipande kinachomwambia paka ageuke kushoto na kulia tu. Wakabofya bendera. Paka akarudi kichwa juu, kama mtu aliyesahau mfuko sokoni. Nani alimfundisha binti yule? Miguu yake mwenyewe.

"Mjomba, lazima awe paka?"

Si lazima. Humo ndani wamo wahusika wengi waliokwisha chorwa. Lakini mimi, mjomba wenu, nawaombeni mchore wenu, hata akitoka amepinda. Aliyepinda ni wako. Ukimaliza kumchora, mwulize: unataka nini? Unaogopa nini? Mhusika asiyetaka kitu ni kama chungu kizuri kisichopikiwa.

Darasani mle alikuwepo mtoto mkimya. Akiitwa kusoma, sauti yake haivuki dawati la mbele. Alichora kobe, gamba la kijani, shingo ndefu kupita kiasi. Mwalimu akamwuliza kobe anataka nini. Mtoto akanong'ona, "Anataka kuvuka barabara. Anaogopa bodaboda." Wakatoka nje chini ya mwembe, wawili tu na kompyuta, mtoto akarekodi sauti yake. Waliporudi wakabofya bendera. Kobe akatoa shingo, akasema kwa sauti kubwa, mbele ya darasa zima: "Jamani, nipisheni na mimi nipite!"

Walimpisha. Wengine walisogeza viti kabisa. Na yule mtoto alikuwa akitazama sakafu, akitabasamu.

"Na mimi naweza, mjomba?"

Unaweza. Scratch haiuzwi. Bofya alama ya dunia pale juu, Kiswahili kimo. Inaweza pia kuwekwa kwenye kompyuta ikatumika bila intaneti. Mdogo wako wa miaka mitano hadi saba anayo ya kwake, ScratchJr, ambayo vipande vyake vina michoro badala ya maneno. Ila ukitaka kuonyesha kazi yako mtandaoni, mwite kwanza mtu mzima. Usiweke jina lako kamili, wala la shule yako, wala picha ya uso wako. Mwache kobe akuwakilishe. Na usidhani katuni hutoka mbali tu. Ubongo Kids, mnayoitazama kwenye runinga, hutengenezwa Dar es Salaam, na ilianza kuonyeshwa mwaka 2014.

Siku ile kengele ililia, watoto wakatoka mbio, darasa likawa tupu. Mimi nilibaki nyuma. Kwenye kioo paka bado alikuwa akitembea, kwenda na kurudi, hivi, vile, hivi, vile, kwa sababu aliambiwa arudie daima. Nikasikia hatua ndogo mlangoni. Ni mtoto wa kobe. Alikuja mpaka kwenye kompyuta, akabofya kitufe chekundu, paka akasimama.

"Pumzika," akamwambia. Kwa sauti kubwa.