Handeni Hadi Korogwe: Wastani wa Mwendo Hupatikanaje?

Barabara itokayo Handeni hadi Korogwe ina urefu wa kilomita 65 hivi. Kabla haijatiwa lami katika miaka ya 2010, ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa masika. Umbali ulikuwa ule ule kila siku. Kilichobadilika ni mwendo. Hapo ndipo lilipo tatizo la hesabu linalowapotosha wanafunzi wengi wa sekondari, hata walio hodari wa aljebra.

Mfano ni lori lililopakia mahindi. Laondoka Handeni kwa mwendo wa kilomita 26 kwa saa, lashusha mzigo Korogwe, kisha larudi tupu kwa mwendo wa kilomita 65 kwa saa. Wastani wa mwendo wake barabarani ni kiasi gani? Mwanafunzi mwenye haraka hujumlisha 26 na 65, akagawanya kwa 2, akapata 45.5. Jibu hilo lapendeza macho, lakini si sahihi.

Wastani wa mwendo ni umbali wote uliosafiriwa, ukigawanywa kwa muda wote uliotumika. Kwenda kulichukua saa 2½, kurudi saa 1. Kilomita 130 zikigawanywa kwa saa 3½ hutoa kilomita 37 kwa saa na kidogo. Lori lilidumu katika mwendo mdogo kwa muda mrefu zaidi, na kwa sababu hiyo 26 ina uzito mkubwa kuliko 65 katika wastani. Kosa hili si dogo: mwenye mali aliyepanga safari kwa 45.5 angetarajia lori litumie saa 2 na dakika 51 barabarani, naye angengoja dakika 39 zaidi bila kujua sababu.

Hata hivyo, kujumlisha na kugawanya kwa 2 si kosa daima. Iwapo lori limekwenda saa 1 kwa mwendo wa 26 na saa 1 nyingine kwa mwendo wa 65, limesafiri kilomita 91 kwa saa 2, na wastani ni 45.5 kweli. Basi kabla ya kushika kalamu yafaa kuuliza: vipande vya safari vimelingana kwa umbali, au kwa muda? Kwa umbali uliolingana ipo kanuni ya mkato: zidisha miendo miwili, zidisha tena kwa 2, kisha gawanya kwa jumla ya miendo hiyo. Mwalimu asiitoe mapema mno, kwani mwanafunzi ataitumia hata pasipohusika.

Tatizo gumu zaidi ni la msafiri anayetaka kufika Korogwe kwa saa 1 ili aliwahi basi liendalo Moshi. Nusu ya njia, yaani kilomita 32.5, gari lake limekwenda kwa mwendo wa kilomita 32.5 kwa saa. Nusu iliyobaki dereva aende kwa mwendo gani ili wastani uwe 65? Wengi hujibu 97.5. Lakini saa 1 imekwisha kutumika yote, na gari bado liko katikati ya njia! Hakuna mwendo wowote, hata wa ndege, utakaofidia. Akienda kwa 80, atafika baada ya saa 1 na dakika 24; akithubutu kwenda kwa 130, baada ya saa 1 na dakika 15. Amehatarisha maisha ya abiria kwa ajili ya dakika 9, na basi la Moshi limekwisha ondoka.

Zoezi: basi laenda kilomita 20 kwa mwendo wa 40 kwa saa, lasimama dakika 15 kupakia abiria, kisha lamaliza kilomita 45 kwa mwendo wa 60. Wastani wa safari nzima ni kilomita 43.3 kwa saa. Anayepata 52 amesahau dakika za kusimama.