Tumbawe Laini Nyumbani: Kiumbe Hai, Si Pambo

Mtu wa pwani akisikia neno tumbawe, aghalabu fikira zake huenda kwenye jiwe. Ndilo lililojenga nyumba za kale za Lamu, na ndilo lililochomwa likawa chokaa. Kwa hiyo si ajabu kwamba familia zinazoweka tangi la maji ya chumvi sebuleni hulitazama tumbawe laini kama pambo, mfano wa chombo cha maua. Dhana hiyo ndiyo inayoyaua mengi.

Tumbawe ni mnyama. Lile gumu hujijengea kiunzi cha chokaa, nacho ndicho jiwe tulijualo. Lile laini halina kiunzi cha namna hiyo. Mwili wake ni mnofu, na juu yake huchanua vinywa vingi vidogo, kila kimoja kimezungukwa na minyiri minane. Ndani ya mnofu wa aina nyingi hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo hupokea mwanga, ikatengeneza sukari na kumlisha mwenyeji wake. Kwake yeye, basi, mwanga ni chakula.

Kumfungia kiumbe na kumnyima riziki ni jambo zito. Sote tunakijua kisa cha mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Paka angalau hulia. Tumbawe halina sauti. Anayelifuga hana budi kuijua haja yake kabla halijadhoofika.

Haja ya kwanza ni maji. Chumvi ya mezani haifai. Hutumika chumvi maalumu ya matangi ya bahari, takriban gramu 35 katika kila lita, ndani ya maji yaliyochujwa vizuri. Maji ya mfereji huwa na klorini, na ya visima vyetu vingi yana chumvi na uchafu usiopimwa. Joto liwe baina ya nyuzi 24 na 26 za Selsiasi. Tangi likishajazwa, lisitiwe tumbawe siku hiyo. Huchukua kama majuma 4 hadi 6 kwa bakteria wenye manufaa kuongezeka, nao ndio wanaoigeuza sumu ya uchafu wa samaki kuwa kitu chenye madhara madogo. Subira yavuta heri.

Liko jambo moja ambalo wengi hulisahau. Maji yanapokauka hewani, chumvi hubaki. Kwa hiyo pengo hilo lijazwe kwa maji matamu yaliyochujwa, si kwa maji ya chumvi, la sivyo ukali wa chumvi utazidi kila uchao. Kisha kila juma ibadilishwe sehemu kama moja ya kumi ya maji yote. Taa iwake saa 8 hadi 10 kwa siku, na mkondo wa maji uwe wa wastani, usiupige mwili wa tumbawe kutoka upande mmoja tu.

Anayeanza na achague aina zinazostahimili, kama Sarcophyton lenye umbo la uyoga, au Sinularia lenye umbo la vidole. Sarcophyton huweza kujifunga siku kadhaa likionekana kama limekufa, kumbe linavua ngozi yake ya juu. Liacheni litulie. Dendronephthya, kwa upande mwingine, huvutia macho kwa rangi zake, lakini halina ile mimea ya ndani. Huhitaji kulishwa takriban bila kukoma, na majumbani wengi hushindwa nalo.

Hatari nyingine hutoka mikononi mwetu. Dawa ya mbu isipulizwe chumba chenye tangi, na udi ni bora ufukizwe chumba kingine, kwani pampu huvuta hewa ya chumbani. Mikono yenye sabuni au mafuta isiingizwe majini. Dawa za samaki zenye madini ya shaba huwaua matumbawe. Umeme ukikatika, maji hukosa hewa. Pampu ndogo ya betri iwekwe tayari.

Akina mama wenye watoto wadogo wazingatie hili pia. Pamoja na matumbawe laini huuzwa viumbe wenye umbo la vifungo vya rangi, waitwao zoanthidi, na baadhi yao wana sumu kali mno. Vaeni glavu mnapowashika, wala msiyachemshe mawe ya tangi wala kuyamwagia maji ya moto. Katika nchi za nje, mvuke wa mawe kama hayo umewahi kulaza familia nzima hospitalini.

Limebaki swali la asili yake. Maji yakipwa, watoto huweza kutamani kung'oa kipande mwambani. Wakatazwe. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, kuchukua tumbawe ni kosa la kisheria. Na mwaka 1998 joto la bahari liliyaua matumbawe mengi ya pwani yetu. Yaliyosalia hayahitaji mikono yetu juu ya msiba huo. Tumbawe laini hukatwa kwa wembe mkali, kipande kikashika jiwe na kukua. Mnunuzi na aulize, na asichukue ila lililozalishwa hivyo. Vilevile asilitupe baharini akilichoka.

Kabla ya kununua, kaeni pamoja nyumbani mjibu maswali matatu: nani atayaangalia maji kila asubuhi, umeme ukikatika usiku nani ataamka, na tukisafiri kwenda harusini tutamwachia nani amana hii. Majibu yakikosekana, si aibu. Wapelekeni watoto Watamu, wapande mashua yenye sakafu ya kioo, wakayaone matumbawe mahali pake.