Msingi Imara Ndio Ufunguo wa Uhandisi



Mashine haimwulizi mtu cheti chake. Ikiharibika usiku wa manane, huitwa yule anayeijua. Lakini siku ya kupandishwa cheo, cheti ndicho kinachoulizwa kwanza, na yule aliyeitwa usiku hubaki pale pale alipokuwa. Jambo hili linajulikana viwandani na mashambani, na chama kimelisemea mara nyingi. Leo tulitazame kwa upande mwingine: mtoto wa mfanyakazi, au mfanyakazi mwenyewe aliye kijana, afanyeje ili ashinde mtihani unaompeleka kwenye uhandisi?

Sisi wa Muhima tunaishi karibu na mlango huo. Wilaya yetu ya Nyarugenge ndiyo yenye Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Chuo Kikuu cha Rwanda. Kilianza mwaka 1997 kwa jina la KIST, kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013. Upande wa Kicukiro kuna chuo kilichokuwa kikiitwa IPRC Kigali, kimojawapo cha vyuo vya ufundi vilivyo chini ya Rwanda Polytechnic, iliyoundwa mwaka 2017. Anayepanda mlima kutoka Nyabugogo kwenda kazini mjini anaweza kufika chuoni Nyarugenge kwa miguu. Kuingia darasani ni habari nyingine. Mitihani ya taifa inasimamiwa na NESA, mamlaka iliyoanzishwa mwaka 2020, na nafasi zinazogharamiwa na serikali hugawanywa kwa kufuata alama. Wanaozitaka ni wengi kuliko nafasi zenyewe. Tajiri ambaye mtoto wake amekosa alama anaweza kumlipia mahali pengine. Kibarua hawezi. Kwa hiyo hisabati na fizikia kwetu ni jambo la riziki.

KUKARIRI HAKUTOSHI

Kila mwaka mitihani inapokaribia, wazazi hutoa fedha za mshahara kununua makaratasi ya maswali ya zamani pamoja na majibu yake. Kijana huyakariri usiku na mchana kama wimbo. Akiingia katika chumba cha mtihani anakuta swali limegeuzwa kidogo tu, na wimbo wote unampotea. Maswali ya zamani ni kitu kizuri, lakini kazi yake ni kupima nyumba iliyokwisha kujengwa. Hayawezi kuwa matofali ya msingi.

Tuchukue mfano wa shambani. Mkulima wa kahawa hupanda miche akiacha mita 2 kila upande. Kila mche unapata mita za mraba 4. Hektari moja ni mita za mraba 10,000, basi hubeba miche 2,500. Sasa tuseme nafasi imeongezwa mara mbili, mita 4 kila upande. Je, miche itakuwa nusu? Wengi watajibu ndiyo. Lakini kila mche sasa unachukua mita za mraba 16, na hektari itabeba miche 625 tu, yaani robo. Tumezidisha mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, na mbili mara mbili ni nne.

Sasa tuliache shamba tuingie kiwandani. Kuna hita ya maji ya wati 2,300 kwenye umeme wa volti 230. Inavuta ampea 10. Usiku umeme ukapungua nguvu ukabaki volti 115, nusu ya ile ya kawaida. Je, hita itatoa nusu ya joto? Aliyekariri atajibu nusu. Aliyeelewa atasema: volti zimekuwa nusu, na kwa kuwa ukinzani wa waya wa hita ni ule ule, ampea nazo zimekuwa nusu, yaani 5. Volti 115 mara ampea 5 ni wati 575. Hiyo ni robo!

Tazameni, ndugu: mche wa kahawa na hita ya umeme vimejibiwa kwa wazo lile lile. Vitu viwili vikizidishwa pamoja, na vyote viwili vikipungua nusu, jibu ni robo. Mwenye wazo hilo moja ana majibu ya maswali mia, hata yale ambayo hayajapata kutungwa. Huo ndio msingi tunaousema.

Mfano wa tatu uko mbele ya macho yetu kila siku. Mota inazunguka mara 1,440 kwa dakika. Puli yake ina upana wa sentimita 10, na mkanda unazungusha puli ya pili yenye sentimita 40. Mkanda ni mmoja, hivyo urefu unaopita juu ya puli ndogo ndio unaopita juu ya puli kubwa. Kumi mara 1,440 ni 14,400. Gawanya kwa 40, unapata mizunguko 360. Mtihani ukigeuza swali, ukataka puli ya kuzungusha mashine mara 480, unagawa 14,400 kwa 480 na kupata sentimita 30. Fundi wetu anajua kwa mkono kwamba puli kubwa huenda polepole. Kilichobaki ni kuuleta ujuzi wa mkono kwenye karatasi.

NAMNA YA KUJENGA

Kwanza, tuanzie chini bila kuona haya. Hesabu za sehemu, uwiano, asilimia, vipimo na maeneo ni mambo ya shule ya msingi, na ndiyo yanayowaangusha wengi wa sekondari. Asiyeweza kugawa sehemu kwa sehemu hawezi kupanga upya kanuni ya fizikia. Kijana wa kidato cha tano anayerudi kwenye daftari la darasa la sita kwa mwezi mmoja hajapoteza mwezi huo.

Pili, kila kanuni iulizwe imetoka wapi. Kipimo cha kuelewa ni hiki: funga kitabu, mweleze mwenzako kwa maneno yako mwenyewe. Ukikwama, hapo ndipo pa kurudia.

Tatu, vipimo viandikwe katika kila mstari wa hesabu. Mita moja ni sentimita 100, lakini mita ya mraba ni sentimita za mraba 10,000. Alama nyingi hupotea hapo.

Nne, lugha. Mitihani ya masomo haya huandikwa kwa Kiingereza. Jambo lieleweke kwanza kwa Kinyarwanda, au kwa Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha rasmi nchini tangu mwaka 2017. Kisha jina lake la Kiingereza liandikwe pembeni na kujifunzwa. Kujua jina bila kujua kitu chenyewe hakumsaidii mtu.

Tano, miezi ya mwisho ndiyo ya maswali ya zamani, kwa saa mezani, na kila kosa liandikwe katika daftari lake pamoja na sababu yake.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya watoto wa wakubwa tu. George Stephenson alizaliwa mwaka 1781 kaskazini mwa Uingereza, baba yake akiwa mtunza mashine kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Yeye naye alitunza mashine, na alipofika miaka 18 alikuwa hajui kusoma. Akatoa sehemu ya ujira wake kulipia shule ya usiku, akaanza na herufi na hesabu za kawaida kabisa. Mwaka 1825 gari-moshi alilolitengeneza lilivuta mabehewa katika njia ya reli ya Stockton na Darlington. Ujuzi wa mashine alikuwa nao tangu zamani. Hesabu ndizo zilizompa uwezo wa kuutumia kwa jambo kubwa.

WAJIBU WETU

Lakini tusimtwishe kijana mzigo wote. Anayefanya zamu ya usiku hawezi kusoma mchana kama mtu aliyelala. Kila tawi la chama lipeleke madai matatu kwa mwajiri: chumba chenye taa na ubao baada ya kazi, zamu zipangwe upya kwa wanaojiandaa na mitihani, na ruhusa siku za mtihani bila kukatwa mshahara. Nasi tufanye sehemu yetu. Watu watano wakikutana mara mbili kwa wiki, saa moja tu, wanatosha kuanza. Mwenye sekondari afundishe hesabu, na fundi alete puli na mkanda. Sisi tulioishia shule ya msingi tuna kazi pia: tukae na watoto wetu, tuwaambie watueleze walichosoma, na tusikubali jibu la "ndivyo kilivyoandikwa."

Haba na haba hujaza kibaba. Wiki hii, kila tawi liandike majina ya watano wake wa kwanza na siku watakayokutana.