Bamba Moja kwa Kazi Nyingi: Namna ya Kuchagua Bamba la Msumeno wa Duara

Fundi wa ujenzi huweza, katika siku moja, kukata mbao za kenchi, plaiwudi, bomba la plastiki, fremu ya alumini na bati. Anayetumia msumeno wa duara wa umeme anajua kwamba kila kimoja kati ya vitu hivyo chadai bamba lenye meno ya namna yake. Kubadilisha bamba kila mara hula wakati, na mkandarasi mwenye siku chache za kumaliza kazi aghalabu huachia bamba la mbao likate chuma. Kwa sababu hiyo viwanda vimetengeneza bamba la kukatia vitu mchanganyiko. Je, bamba hilo laweza kweli kushika mahali pa mabamba yote? Ili kujibu swali hilo, hatuna budi kwanza kutazama jino la msumeno linavyofanya kazi.

Ncha ya jino

Mwili wa bamba ni feleji, lakini ncha za meno yake ni kabidi ya tungsteni. Hiyo ni chembe ndogo za tungsteni iliyoungana na kaboni, zinazoshikanishwa kwa kobalti katika joto la nyuzi 1,400 hivi za Selsiasi. Mjerumani Karl Schröter alibuni njia hiyo mjini Berlin mwaka 1923. Kabidi ni ngumu kuliko feleji, hata tupa ya kawaida haiwezi kuinoa.

Hata hivyo, ugumu ni jambo moja na kustahimili kishindo ni jambo jingine. Kobalti ikiwa kidogo, jino hushika makali kwa muda mrefu, lakini humeguka upesi kama kigae likigonga msumari. Kobalti ikizidishwa, jino hustahimili vishindo, lakini huisha makali mapema. Basi kabidi ya bamba la mchanganyiko ni mapatano baina ya mambo hayo mawili, na katika mapatano kila upande hupoteza kitu.

Mwinamo na umbo la jino

Jino la kukatia mbao huinama mbele, likaivuta mbao na kuikwangua kwa nguvu. Jino hilo hilo likiingia katika alumini au bati huuma kupita kiasi. Kitu hunaswa, na msumeno huruka kumrudia fundi. Kwa hiyo jino la kukatia metali husimama wima, au huinama nyuma kidogo, na meno yake hupishana: moja limekatwa pembe zote mbili ili lifungue njia, linalofuata ni bapa na husafisha kingo. Bamba la mchanganyiko aghalabu hufuata umbo hili la pili. Ndiyo maana hukata mbao polepole zaidi na hudai msukumo mkubwa wa mkono.

Idadi ya meno nayo ina hesabu yake. Chukua bamba la kipenyo cha milimita 185 linalozunguka mara 5,000 kwa dakika. Likiwa na meno 24, meno 2,000 hupita kila sekunde. Fundi akisukuma msumeno milimita 50 kwa sekunde, kila jino hula milimita 0.025 tu. Meno yakiwa 40, kila jino hula milimita 0.015. Meno mengi hutoa mkato laini na hufaa vitu vyembamba. Meno machache huacha nafasi ya unga wa mbao kutoka, nayo hufaa mbao nene.

Mwendo wa mashine

Katika mfano huo, ncha ya jino hukimbia mita 48 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 170 kwa saa. Mbao huvumilia mwendo huo. Feleji haiuvumilii vyema: msuguano huzalisha joto linaloharibu makali ya kabidi na kulipinda bamba. Mashine za kukatia feleji kwa meno hufanywa ziende polepole zaidi. Bamba la milimita 355 lizungukalo mara 1,300 kwa dakika huenda mita 24 tu kwa sekunde, nusu ya mwendo wa kwanza. Kwa hiyo bamba zuri katika mashine isiyolifaa ni hasara.

Hapa pana jambo la kutahadhari sana. Wako mafundi wanaofunga bamba lenye meno katika grenda ya mkono. Grenda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, kinga yake haikuundwa kwa ajili ya meno, wala haina kitako cha kuituliza juu ya mbao. Jino likinaswa, mkono wa mtu hauwezi kuizuia. Vidole vilivyopotea kwa njia hii havikuokoa wakati wowote.

Mambo ya kuuliza dukani

Kwanza, soma maandishi ya bamba. Mabamba mengi yaitwayo ya mchanganyiko yameruhusiwa kukata mbao, plastiki na alumini tu. Yale yanayoruhusiwa kukata feleji hutaja feleji laini na unene wake. Hakuna hata moja kati yake lililokusudiwa zege, tofali au vigae. Hivyo vina diski zao za almasi.

Pili, linganisha kipenyo, tundu la katikati na mizunguko ya juu inayoruhusiwa na vile vya mashine yako. Mizunguko ya bamba isiwe chini ya ile ya mashine.

Tatu, fikiria mbao zako. Mbao za zamani za kufungia zege zina misumari na saruji iliyoganda. Mvule nao mara nyingine huwa na mawe ya chokaa ndani yake, yanayomeza makali ya msumeno. Kwa mbao kama hizo, jino linalostahimili kishindo ni bora kuliko jino kali.

Nne, uliza kama mjini kwako yupo anayenoa kabidi kwa jiwe la almasi. Kama hayupo, bamba likiisha makali limekwisha kabisa, na bei yake yapasa kugawanywa kwa kazi iliyofanya hadi siku hiyo.

Kabla ya kuhama kutoka mbao kwenda chuma, ondoa unga wote wa mbao katika msumeno, maana chembe za chuma za moto huweza kuuwasha. Vaa miwani ya kinga.

Mkandarasi ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni mbao atafaidika zaidi akiweka bamba la mbao katika mashine, na la mchanganyiko kando, kwa ajili ya mbao kuukuu na ukarabati. Yule ambaye kila saa huhama kutoka kitu hadi kitu ndiye anayelipwa na bamba moja, mradi akubali kwamba litafanya kila kazi kwa wastani.