Unajenga Sisibo? Piga Hesabu ya Paa Kabla ya Msingi

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na ploti ndio stori kwa kila base. Lakini zunguka Langas ama Kimumu uone: kuta zimefika linta, vyuma vimeshika kutu, nyasi imemea sebuleni. Huyo msee hakukosa doo ya kuanza. Alikosa hesabu ya kumaliza, na bado analipa rent kwingine.

Shida ni kuta. Zinapanda haraka, unadhani umefika. Kumbe bado paa, plasta, milango, madirisha, stima na mabomba, na hapo ndio chapaa huisha.

So kabla fundi ashike jembe, tafuta QS akutolee BQ, yaani hesabu ya kila kitu: simiti, lori za mchanga, mabati, hadi misumari na pesa ya fundi. Ongeza asilimia 10 juu yake, maana bei haikungoji. Kibali cha kaunti pia kina gharama, na bila hicho mjengo unaweza kusimamishwa.

Doo ni kidogo? Gawa kazi mara nne: msingi, kuta, paa, kumalizia. Msingi unaweza kukungoja, lakini usiinue kuta kama pesa ya paa haijapatikana. Mvua ya Sisibo huingia Machi ama Aprili na hainyamazi haraka. Itanyeshea kuta zako bure.

Ikibidi, punguza ramani. Chumba mbili zilizoisha unahamia kesho. Ghorofa iliyokwama kwa linta inalaza mbuzi tu.