UKITAKA KUIMBA VIZURI, JIFUNZE KUPUMUA

Vijijini mwetu watu huimba karibu kila mahali: shambani, harusini, msibani, kanisani na ngomani. Kule Usukuma, baada ya mavuno, makundi ya Wagalu na Wagika hushindana kwa ngoma. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na lile linalovuta watazamaji wengi ndilo linaloshinda. Hapo sauti ya manju ni mali. Ikimkauka katikati ya ngoma, watazamaji wanahamia upande wa pili, na jasho la kundi zima linapotea bure.

Jambo hili huwapata hata wanakwaya. Siku ya kwanza wanaimba vizuri. Siku ya pili sauti inakwaruza. Siku ya tatu haitoki kabisa. Wengine hudhani wamerogwa. Wengine humeza mayai mabichi ili kulainisha sauti. Lakini chakula kina njia yake, na pumzi ina njia yake. Yai likipita njia ya pumzi, si utapaliwa? Mara nyingi shida ni hii: mtu anakaza koo badala ya kutumia pumzi.

Sauti inatoka wapi?

Ndani ya koo mna nyuzi mbili za sauti. Hewa ikitoka mapafuni hupita kati yake, nazo hutetemeka. Mwanamke anapozungumza, hutetemeka kama mara 200 kwa sekunde moja. Kwa mwanamume ni kama mara 120. Hebu weka vidole kooni, kisha sema "mmm". Umesikia mtetemo?

Sasa, hewa inasukumwa na nini? Mapafu hayawezi kujitanua yenyewe. Chini yake kuna msuli mpana uitwao kiwambo, unaotenga kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, mapafu yanatanuka, hewa inaingia, na tumbo linasogea mbele. Kikipanda, hewa inatoka.

Ni kama mhunzi na mivukuto yake. Mhunzi hodari havukuti kwa pupa. Hupeleka upepo kwa kipimo, moto ukawaka sawasawa. Mtazame pia mtoto mchanga aliyelala. Tumbo lake hupanda na kushuka. Lakini sisi watu wazima tukiambiwa tuvute pumzi, tunainua mabega. Kwani mabega yana mapafu?

Mazoezi manne

1. Lala chali. Weka kitabu juu ya tumbo. Vuta pumzi polepole kwa pua mpaka kitabu kiinuke. Toa pumzi polepole, kitabu kishuke. Fanya mara kumi.

2. Simama wima, miguu iachane kidogo, mabega yalegee. Vuta pumzi huku ukihesabu moyoni mpaka nne. Kisha itoe kwa sauti ya "sss", kama mpira wa baiskeli uliotoboka. Hesabu tena. Ukifika kumi leo, wiki ijayo jaribu kumi na tano. Usishindane na mwenzio. Shindana na hesabu yako ya jana.

3. Washa mshumaa, ukae mbali nao kidogo. Upulize taratibu, mwali uiname lakini usizimike. Ukizimika, umetoa pumzi nyingi kwa mara moja.

4. Chukueni wimbo mnaoujua. Kubalianeni mahali pa kuvuta pumzi, yaani pale maneno yanapokamilika. Msilikate neno katikati. Penye mstari mrefu, mpokezane: huyu akivuta pumzi, yule anaendelea. Msikilizaji hatajua.

Dakika kumi kila siku zinatosha. Ni afadhali kidogo kila siku kuliko saa nzima siku ya mashindano.

Mambo ya kuangalia

Ukisikia kizunguzungu, acha, ukae chini upumue kama kawaida. Usifanye mazoezi mara tu baada ya kula ukashiba. Kunywa maji mara kwa mara. Epuka tumbaku na moshi, maana hukausha koo na kuharibu mapafu.

Koo likiuma, usilazimishe kuimba. Sauti ikiwa imekauka kwa zaidi ya wiki tatu, nenda ukapimwe. Na kama unakohoa kwa wiki mbili au zaidi, usiseme "ni kwaya tu". Nenda zahanati mapema, kwani huenda ni kifua kikuu, na kifua kikuu kinatibika.

Ndugu wasomaji, mazoezi haya hayahitaji fedha nyingi. Pumzi tunayo sote. Kinachotakiwa ni kujua kuitumia.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tumbo husogea mbele tunapovuta pumzi?
2. Je, kumeza yai bichi kunasaidia sauti? Toeni sababu.
3. Katika wimbo mmoja wa kijiji chenu, mngevuta pumzi mahali gani?
4. Mwimbaji aende zahanati akiona dalili zipi?